Kinondoni haikupungua watu: mwongozo wa kutafuta na kupima maandiko kwa mwanafunzi wa sayansi za jamii

Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu, anayesoma sosholojia, aliniletea rasimu ya sura yake ya kwanza. Mada ilikuwa kodi za nyumba za kupanga. Kwenye aya ya pili aliandika kwamba kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam, ilipoteza wakazi 792,721, na kwamba watu hao wamekimbia kodi. Hesabu alikuwa nayo: 2012 Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049, na 2022 ikawa na 982,328. Toa, unapata hiyohiyo.

Namba zote mbili ni sahihi, na zote ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Hakuziokota kwenye desa la mtu, zile notsi za kunakiliana. Kilichomponza ni kwamba Kinondoni ya 2012 si Kinondoni ya 2022. Katikati hapo Ubungo ilimegwa ikawa wilaya inayojitegemea. Watu hawakuuhama mpaka, mpaka ndio uliowahama.

Naanza na kisa hiki kwa sababu wanafunzi wengi wanadhani ujuzi wa maktaba ni kujua kitabu kiko rafu gani. Rafu utaoneshwa. Kazi iko kwenye kujua ulichoshika mkononi ni nini: nani kakiandika, lini, kwa mipaka ipi, na kimepitia kwa nani kabla hakijakufikia. Hatua hizi nimezipanga kwa mfuatano, ila kwenye kazi yenyewe utarudi nyuma mara nyingi tu. Usishtuke.

Hatua ya kwanza: swali kwanza, maktaba baadaye

"Wamachinga" si swali. Ni mada, na ukiingia nayo maktaba utatoka na begi zito na usijue pa kuanzia. Chukua karatasi uibane mada yako: akina nani hasa, wapi, tangu lini hadi lini, na unataka kujua nini juu yao. Tuseme ni wamachinga wa Kariakoo. Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam na kutakiwa kwenda kwenye maeneo yaliyotengwa. Swali linaweza kuwa hili: nini kinamfanya muuza viatu aliyepangiwa eneo jingine arudi kwenye barabara ileile?

Swali la namna hiyo linakuagiza lenyewe. Utahitaji sheria ndogo za halmashauri, magazeti ya kipindi kile, tafiti za nyuma kuhusu biashara za barabarani, takwimu za ajira, na pengine tafiti za Nairobi au Accra kwa kulinganisha. Andika mahitaji hayo kabla hujawasha kompyuta. Nusu saa ya karatasi na kalamu inaokoa bando la wiki nzima.

Swali likibadilika njiani, liache libadilike. Andika tu tarehe uliyolibadilisha na sababu, maana msimamizi atakuuliza.

Hatua ya pili: kusanya maneno kabla ya kukusanya vitabu

Hapa ndipo wengi wanapokwama, wakaja kusema "mada yangu haina maandiko". Maandiko yapo. Yameandikwa kwa maneno mengine.

Kitu kilekile hubadilishwa jina kadiri miaka inavyokwenda. Leo tunasema machinga. Nyaraka za serikali hupenda kusema wafanyabiashara ndogondogo. Ukirudi hadi 1983 unakutana na sheria ambayo watu wazima wa mjini wanaikumbuka kwa jina la Nguvu Kazi, na humo mchuuzi wa barabarani anatazamwa kwa jicho la mtu asiye na kazi. Kwa Kiingereza, ambacho ndicho sehemu kubwa ya maandiko yetu ya kitaaluma imeandikwa kwacho, kuna "street vendors", "street traders", "hawkers" na "petty traders". Ule msemo wa "informal sector", ambao siku hizi hauachi kutajwa, ulianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970: mwanaanthropolojia Keith Hart aliutumia kwa utafiti wake wa Ghana, na ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ikausambaza. Sasa ukiutafuta kwenye maandishi ya 1955 utatoka mikono mitupu. Si kwamba Dar es Salaam ya 1955 haikuwa na wachuuzi. Karani wa wakati ule hakuwa na neno hilo.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Kabla ya 1964 katalogi itakuambia Tanganyika, na ukizama zaidi kwenye enzi ya Wajerumani utakuta Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mtego mpya zaidi uko hapahapa mjini. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa hiyo ukishika ripoti ya bajeti ya "Jiji la Dar es Salaam" ya baada ya hapo, unasoma habari za Ilala peke yake, wakati ripoti yenye jina hilohilo ya miaka ya nyuma inazungumzia chombo kingine. Nimeona majedwali yaliyoziunganisha hizo mbili kwa mstari mmoja uliopanda na kushuka vizuri kabisa, na mwandishi ameueleza mstari huo kwa kurasa mbili.

Fanya hivi: gawa ukurasa wa daftari safu tatu. Ya kwanza maneno ya Kiswahili, ya pili ya Kiingereza, ya tatu miaka ambayo neno lilitumika. Kila makala utakayosoma itakuongezea neno moja au mawili. Yatazame hasa kwenye ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa makala, na kwenye maneno muhimu yanayowekwa chini yake.

Ukishakuwa na maneno, yafunge vizuri unapotafuta. Msemo wa maneno mawili uweke ndani ya alama za mtajo, la sivyo mashine itakuletea kila chenye "street" na kila chenye "vendors". Maneno yenye maana moja yaunganishe kwa OR ya herufi kubwa. Mstari mzima kwenye Google Scholar, mashine ya Google ya kutafuta maandiko ya kitaaluma, unaweza kusomeka hivi:

("street vendors" OR "petty traders" OR hawkers OR machinga) Kariakoo

Hifadhidata nyingi za kulipia zinataka uandike AND kabla ya Kariakoo. Google Scholar yenyewe hutosheka na nafasi tupu. Na kwenye Google ya kawaida, ukitaka nyaraka za serikali tu, malizia na site:go.tz bila kuacha nafasi baada ya nukta pacha. Hilo dogo limewaokoa watu wengi kutoka kwenye kurasa za udaku.

Hatua ya tatu: ingia maktaba, kisha zungumza na mtu

Dar es Salaam mwanafunzi hana kisingizio cha kukosa maktaba. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jengo la maktaba lililofunguliwa Novemba 2018, lililotangazwa kuwa na nafasi ya vitabu 800,000 na watu 6,000 kwa wakati mmoja. Katikati ya mji, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kuna Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa Desemba 1967. Ada na utaratibu wa kuingia kama wewe si mwanachama uliza mlangoni. Usitegemee alichokuambia rafiki yako, maana mambo haya hubadilika.

Anza na katalogi kwenye kompyuta, unakili namba ya kitabu nzima nzima, pamoja na herufi za mwisho ambazo watu huziacha wakaishia kuzunguka. Namba ikianza na tarakimu tatu, huo ni mfumo wa Dewey: 300 ni sayansi za jamii, 320 siasa, 330 uchumi, 370 elimu. Ikianza na herufi, ni mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani: H kwa sayansi za jamii, J kwa siasa, GN kwa anthropolojia, DT kwa historia ya Afrika. Sababu ya kuujua mfumo ni moja tu, nayo ni kwamba mada yako haikai rafu moja. Machinga kama mfanyabiashara yuko HF. Machinga kama mkazi wa mji yuko HT. Machinga kama mtu aliyepambana na serikali ya kikoloni yuko DT, ghorofa nyingine kabisa. Ukifika kwenye kitabu chako, tazama vitabu vitano vya kushoto na vitano vya kulia. Mara nyingi jirani ana faida kuliko uliyemfuata.

Halafu mwone mkutubi. Wanafunzi wengi huwakwepa wakutubi utadhani askari wa barabarani, wakija kwao ni kuuliza swichi ya kuchajia simu iko wapi. Tofauti ya swali zuri na baya niliisikia siku moja nikiwa kwenye foleni:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini?"

"Vitabu vya wamachinga."

"Wamachinga wa nini? Wa kodi, wa mipango miji, au wa siasa?"

Kijana akakaa kimya kidogo, akasema anataka kujua kwa nini wanarudi barabarani wakishaondolewa. Mama akavua miwani. "Hapo sawa. Basi kwanza usianze na vitabu, anza na tasnifu za wenzako waliotangulia. Kisha uje nikuoneshe magazeti."

Ushauri wa tasnifu ni wa dhahabu. Tasnifu ya uzamili kuhusu mada iliyo jirani na yako ina orodha ya marejeo ambayo mtu ametumia mwaka mzima kuikusanya. Hutakiwi kuinakili, unatakiwa kuifuata: chukua marejeo kumi yanayokuhusu, ukayasome mwenyewe. Utashangaa ni mangapi yanasema kitu tofauti na alichodai mwenye tasnifu.

Pale Mlimani uliza pia kuhusu East Africana, mkusanyo wa maandiko ya Afrika Mashariki. Vitu vyake husomewa mlemle ndani, na ndimo zilimo karatasi za Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa jamii wa serikali ya kikoloni na kuandika sana juu ya sheria za kimila. Ukiwa na mada ya ndoa, ardhi au urithi, hiyo ni wiki yako ya kwanza. Nenda na penseli na subira.

Ukihitaji majalada yenyewe ya serikali za zamani, ya Wajerumani na ya Waingereza, hayo yako Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Huko utaingia na barua ya utambulisho kutoka chuoni, basi iombe mapema. Na ujue majalada ya Wajerumani yameandikwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa mkono wa enzi zile ambao hata Mjerumani wa leo anaukodolea macho.

Hatua ya nne: nyaraka zisizokaa kwenye vitabu

Kwa sayansi za jamii, nusu ya ushahidi wetu uko kwenye ripoti. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge ziko mtandaoni, na ndimo utakapopata waziri alisema nini kwa maneno yake, badala ya kile gazeti lilichosema kuwa waziri alisema. Hukumu za mahakama ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoka kila mwaka, na sehemu ya serikali za mitaa ina habari za masoko na ushuru ambazo hazipo popote pengine. Taasisi za utafiti za REPOA na ESRF huchapisha tafiti za uchumi na jamii. Shirika la Twaweza lina Sauti za Wananchi, ukusanyaji wa maoni kwa njia ya simu. Soma ukurasa wa mbinu kabla ya ukurasa wa matokeo, ujue waliopigiwa walipatikanaje.

Magazeti ya zamani usiyadharau. The Tanganyika Standard lilianza 1930, Daily News likaanza 1972, Mwananchi 2000. Gazeti ni ushahidi mzuri wa kilichokuwa kikisemwa siku ile. Kuhusu kilichotokea kweli, ni shahidi wa kuhojiwa kama mashahidi wengine.

Hatua ya tano: makala bila kulipa dola

Ukikuta makala inataka dola thelathini, usilipe. Kwanza ingia ukiwa kwenye mtandao wa chuo, kwani huenda chuo kimeshalipia na wewe ulikuwa unabisha hodi kutoka nje kwa bando lako. Pili, kwenye Google Scholar bonyeza orodha ya matoleo yote ya makala ile. Mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake. Tatu, tafuta AJOL, hifadhi ya majarida ya Afrika, na DOAJ, saraka ya majarida ya bure. Vikishindikana vyote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari minne: wewe ni nani, unasoma nini, unaomba makala gani, asante. Wengi hujibu, na hufurahi kusikia kuna mtu anawasoma.

Jambo jingine kwenye Google Scholar: chini ya kila makala kuna kiungo kinachoonesha waliokuja kuinukuu baadaye. Orodha ya marejeo hukurudisha nyuma, kiungo hiki hukupeleka mbele. Makala nzuri ya 2005 ikiwa na wajukuu wa 2021, hao wajukuu ndio unaowataka. Majina yaleyale yakianza kujirudia kila unapogeuka, ujue umeshazunguka uwanja mzima na ni muda wa kukaa uandike.

Pakua vyote ukiwa maktaba, lakini faili zipe majina ya maana, jina la mwandishi, mwaka na neno moja la mada, maana faili inayoitwa "download(17)" hutaiona tena.

Hatua ya sita: pima

Hapa tunarudi kwa yule binti.

Nilimwambia achukue karatasi tuitafute Kinondoni ya zamani ndani ya namba mpya. Sensa ya 2012 ilihesabu Dar es Salaam kwa wilaya tatu: Ilala 1,220,611, Kinondoni 1,775,049, Temeke 1,368,881. Jumla 4,364,541. Sensa ya 2022 ina wilaya tano: Ilala 1,649,912, Kinondoni 982,328, Ubungo 1,086,912, Temeke 1,346,674, Kigamboni 317,902. Jumla 5,383,728. Ubungo ilitoka Kinondoni, Kigamboni ilitoka Temeke. Basi ukizirudisha mahali pake, Kinondoni na Ubungo kwa pamoja zina watu 2,069,240. Eneo ambalo alisema limepoteza karibu watu laki nane limeongeza 294,191, kama asilimia 17. Temeke nayo, ambayo kwa jicho la haraka ilionekana imepungua kidogo, ukiijumlisha na Kigamboni imekua kwa asilimia 22 hivi.

Akaniuliza, "Kwa hiyo aya yote nifute?" Nikamwambia aifute, ila namba azihifadhi.

Kila takwimu unayotaka kuitumia iulize mambo haya. Nani alihesabu? Alihesabu lini, na mpaka ulikuwa wapi siku hiyo? Neno alilotumia lina maana gani kwake? Chukua neno "vijana": Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema ni miaka 15 hadi 35, Umoja wa Mataifa kwenye takwimu zake wanaishia 24. Ukiweka asilimia ya mmoja karibu na asilimia ya mwingine umelinganisha maembe na mbegu zake. Ukosefu wa ajira nao Tanzania hupimwa kwa tafsiri ya kitaifa na kwa tafsiri ya kimataifa, na majibu hayafanani. Ripoti huonesha zote mbili, kazi yako ni kusema umechukua ipi.

Namba uliyoikuta kwenye makala ya mtu, usiinukuu kutoka kwake. Mfuate alikoitoa, na aliyempa mfuate alikoitoa, hadi ufike kwa aliyehesabu mwenyewe. Wakati mwingine safari inaishia ukutani: watano wamenukuu mmoja, na huyo mmoja hakutaja popote. Namba hiyo iache, hata kama ni tamu.

Kwa makala na tovuti usizozijua, usianze kwa kusoma zinavyojieleza. Mtu hujisifu nyumbani kwake, waulize majirani. Fungua kichupo kingine, tafuta jina la jarida au shirika, uone wengine wanalisemaje, nani analifadhili, nani ameliacha. Jarida linalochapisha ufugaji wa nyuki, upasuaji wa moyo na ndoa za utotoni kwenye toleo moja, linaloahidi kupitia makala kwa siku tatu na kudai ada kabla ya yote, hilo ni duka. Wasomi wazuri wamewahi kunaswa humo, kwa hiyo jina la mwandishi peke yake lisikutulize.

Kisha kuna programu za akili mnemba. Najua mnazitumia, na mimi nazitumia kutafuta maneno ya hatua ya pili. Kwa hilo zinafaa. Marejeo usiyatoe humo. Zinaweza kukutungia makala isiyokuwepo, yenye jina la mwandishi aliyepo, jarida lililopo, mwaka na kurasa, vyote vimevaa suti. Kila rejeo lililotoka kwenye mashine lipitishe hapa: weka kichwa cha makala ndani ya alama za mtajo kwenye Google Scholar; kama lina namba ya DOI, ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, ibandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi; kisha fungua jarida lenyewe, toleo hilo, ukurasa huo. Usipoikuta, haipo. Na ukiikuta bado hujamaliza, hujaisoma.

Hatua ya saba: daftari na marejeo

Unaposoma, tenganisha vitu vitatu: maneno ya mwandishi kama yalivyo, ndani ya alama za mtajo na namba ya ukurasa, maelezo yake kwa maneno yako, na mawazo yako wewe. Mimi natumia kalamu za rangi tatu, wengine huandika herufi pembeni. Wanafunzi wengi wanaokamatwa kwa wizi wa maandishi hawakukusudia kuiba. Walinakili aya Machi, wakaisoma tena Juni, wakadhani wameiandika wenyewe.

Maneno ya mahojiano ya Kiswahili yahifadhi kwa Kiswahili hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. Ukishatafsiri ukatupa asili, huwezi tena kurudi kujiuliza "kubanana" kwa yule mama lishe kulikuwa na maana gani.

Desa halinukuliwi. Hata kama mhadhiri ni mzuri na notsi zake zimepigwa kopi stesheneri zote za Ubungo na Mwenge, alichosema kakitoa mahali, muulize, atakuambia.

Kwa kupanga marejeo tumia programu ya Zotero, ni ya bure. Ila ina tabia moja ya kuichunga. Ukiiandikia taasisi kwenye nafasi ya jina la mtu, itaigawa kama ukoo, na kwenye orodha yako utamkuta bwana mmoja anayeitwa "Takwimu, O. ya T. ya". Huyo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Badili sehemu ya mwandishi iwe ya jina moja tu, kuna kitufe kidogo pembeni yake. Majina yetu ya watatu watatu pia yahakiki kwa mkono: angalia jina lipi mwandishi mwenyewe analitanguliza kwenye kazi zake, ulifuate hilo siku zote.

Na nakala ya kazi yako isikae kwenye flashi moja inayozunguka kwenye kompyuta za stesheneri. Kila jioni jitumie kwa barua pepe.

Hatua ya nane: kuandika mapitio

Mapitio ya maandiko yanaharibika pale kila aya inapoanza na jina la mtu: fulani alisema, fulani naye akasema, kama muhtasari wa kikao cha mtaa. Panga kwa hoja. Chora jedwali, hoja juu na waandishi kushoto, ujaze nani anakubali, nani anakataa, nani hakugusa. Vyumba vitakavyobaki vitupu ndiko swali lako linakotakiwa kukaa. Kama hakuna chumba kitupu, rudi hatua ya kwanza.

Yule binti alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa ameziweka wilaya zote za Dar es Salaam kwenye mipaka ya 2012, akagundua kitu ambacho mimi sikukitazama: Ilala ndiyo iliyokua kuliko zote, watu 429,301 zaidi, asilimia 35. Hakuitaka tena Kinondoni. Alitaka kujua nani anahamia Chanika, Kivule na Msongola, na wanalipa kodi kiasi gani huko, na alikuwa ameshaanza kutafuta namba za kata kwa kata.

Nikamuuliza, mipaka ya kata hizo ni ileile ya 2012?

Akacheka, akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya kata za Ilala kwa safu mbili, 2012 na 2022, na nyingine zilikuwa na mshale mwekundu.